Kariakoo ni jina la wapagazi: siku tatu za mvua Dar es Salaam

Leo siongei juu ya mbegu wala mosaiki ya mihogo. Nataka niwaelezee historia moja nilienda kuikuta mbali, mu mvua, kumbe inaanzia kwetu Masisi.

Kwetu kuko shamba moja tunaita "kwa mwenye alienda Tabora". Mwenyewe alikuwa babu ya babu yangu. Wazee wanasema: wakati ya vita ya Wazungu, chifu aliombwa watu wa kubeba, na yeye akahesabiwa. Akaenda. Hakurudia. Hakuna kaburi, hakuna barua. Mpaka ya shamba yake haikuguswa miaka mingi, juu watu walisema labda atarudi.

Mwezi wa ine 2023 niliweka pamoja akiba yangu kidogo, nikapanda bus: Goma, Kigali, Rusumo, Dodoma, mpaka Dar es Salaam. Peke yangu. Wamoja waliniambia: vita iko Masisi na wewe unaenda kutembea? Babu yangu, ambaye wakati ule alikuwa amekimbia na kulala chini ya bashi mu kambi karibu na Goma, njo alinipa ruhusa. Alisema: "Enda uone kama kule wanakumbuka wenye kubeba."

Siku ya kwanza sikuona kitu isipokuwa maji. Mwezi wa ine Dar ni masika, mvua kubwa yenye kuanza mwezi wa tatu mpaka wa tano. Nilishuka kituo cha Mbezi nikiwa na begi moja na viatu vya kitambaa, kosa ya mtu wa milima. Pale Jangwani mto Msimbazi ulikuwa umepanda juu ya barabara, magari yakasimama. Mimi kama agronome niliangalia rangi ya yale maji: udongo mtupu, sawa vile mito yetu kisha mvua. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza, "Kijana, wewe Mkongo eeh?" Nilikuwa nimemusalimia "jambo papa" tu. Kumbe kule mkubwa unamwambia "shikamoo mzee". Nikarekebisha, akacheka, akaitika "marahaba". Nikamwambia ninaenda Kariakoo. Akasema, "Huko utakuta ndugu zako, Wamanyema. Hata msikiti wanao."

Ni kweli. Kariakoo kuko msikiti wa Manyema. Manyema ni nani? Ni Maniema yetu, ile yenye kupakana na Walikale. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Nyangwe na Kasongo kuelekea pwani. Wenye walitembea nayo wengine walikuwa watumwa, wengine wapagazi, wengine askari na wafanya biashara. Wajukuu wao wako Ujiji, Kigoma na Dar mpaka leo. Dar yenyewe ni mji wa juzi: Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860, halafu Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891. Kwa hiyo mtu akikuambia sisi watu wa mashariki ya Congo tumeanza kuijua bahari na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mwambie hapana. Tulifika zamani. Tulifika na mizigo ku kichwa.

Siku ya pili mvua ilipunguka kidogo asubuhi. Nilienda kwenye sanamu ya Askari, katikati ya mji. Iliwekwa 1927 na Waingereza. Ni askari mweusi wa shaba, bunduki mu mikono, uso wake unaangalia bandari. Maandiko ya chini yanakumbuka askari, na tena yanataja wapagazi. Nilisimama pale mu manyunyu, nikasoma mara mbili. Sanamu ni ya mwenye bunduki. Mwenye mzigo alipewa maneno, hakuna jina hata moja.

Toka pale nikaenda Kariakoo kwa miguu. Soko kubwa lenyewe liliungua 2021, na wakati ule walikuwa wanalijenga upya. Lakini kandokando biashara haisimami: vitenge, simu, mbegu, vijana wanasukuma mikokoteni mu matope na kupiga kelele upishe. Jina Kariakoo linatoka kwa "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kisha Waingereza kukamata Dar mwezi wa 9 mwaka 1916, wapagazi waliwekwa mu kiwanja ile, na watu wakalitamka jina kwa midomo yao. Nairobi pia kuko Kariokor, maana ni ile ile.

Kwa nini wapagazi wengi hivyo? Mu sehemu kubwa ya ile inchi kulikuwa mbung'o, na punda na ngombe walikufa. Barabara za motokari hazikukuwa. Basi mtu njo akageuka nyama ya mzigo. Fanya hesabu kidogo: mtu anabeba kilo 25 za chakula, na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Kisha siku 25 mzigo umeisha mu tumbo lake. Kama anapashwa kurudia, kisha siku 12 tu hana tena cha kuacha. Njo maana walihitaji mtu juu ya mtu. Upande wa Waingereza, wapagazi walikuwa karibu milioni moja katika vita nzima. Upande wa Congo, Wabelgiji walichukua zaidi ya 200,000.

Brigade ya kaskazini ya Force Publique ilitoka Kivu yetu. Ilifika Kigali mwezi wa 5 mwaka 1916, na tarehe 19 mwezi wa 9 jeshi la General Tombeur likaingia Tabora. Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, baridi ya mapafu na njaa. Hapa masomo yetu yananisaidia kuelewa: chukua mtu aliyezoea ndizi, viazi na maharagi, umpe nafaka ngumu isiyosagwa vizuri, bila kuni, bila sufuria na bila wakati wa kupika. Tumbo linaharibika. Nadhani yule wa kwetu aliisha hivyo, lakini siwezi kuapa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha bila huruma. Nilipanda kivuko cha Magogoni kuelekea Kigamboni, nikaona meli na makontena yamepangwa. Pale ndani kuko sehemu ingine ya historia yetu. Kisha vita, Wabelgiji waliacha Tabora lakini walidai faida. Mkataba wa tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1921 uliwapa viwanja bandarini Dar na Kigoma, kwa vitu vya Congo, Rwanda na Burundi kupita. Kodi yake? Franga 1 kwa mwaka, bila mwisho! Waliita ile mahali Belbase. Mwaka 1961 Nyerere aliikataa, akasema Mwingereza, ambaye mwenyewe alipewa inchi kwa muda, hakuweza kutoa ardhi ya Tanganyika kwa milele.

Mvua ilikuwa inaniingia mu shingo na mimi nikifikiri: wenye kutembea walilipa kwa maisha yao, na serikali ya kikoloni ikapata mlango wa bahari kwa franga moja.

Na leo? Muulizeni mtu wa Walikale. Mbele ya kampuni kubwa kuanza Bisie, magunia ya kasiterite ya kilo 50 hivi yalitoka mu msitu ku mugongo ya vijana wa umri wetu, mpaka pale ndege zilikuwa zinashukia ku barabara, Kilambo. Muulizeni mama wa Masisi mwenye kubeba viazi kwa utelezi kwa sababu barabara imekatika. Majina yao yameandikwa wapi?

Niliporudi Goma nilienda kambini kumuona babu. Nilimwambia: kule wanakumbuka, soko nzima lina jina lao, lakini jina la mtu mmoja mmoja hapana. Alikaa kimya. Halafu akasema: "Leta kalamu." Akanitajia wanne, si mmoja. Wanne wa kijiji chetu walioenda na hawakurudia. Nilikuwa sijawahi kuwasikia watatu, juu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Wandugu, sisi wenye lisansi tunajua kujaza fishi ya shamba: hekta, mbegu, mavuno. Wazee wetu walikimbilia mu makambi, na kila mwezi tunazika wamoja. Ukienda kumuona babu ao koko wako, beba sabuni na unga, lakini beba na kalamu. Uliza nani alibeba, alibeba nini, alifika wapi. Andika jina.