Kuhamia mfumo endeshi mpya

Kuhamia mfumo endeshi mpya ni kubadilisha programu kuu inayosimamia maunzi, mafaili na programu nyingine zote za kompyuta. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inaonyesha kwa nini majaribio yatangulie: hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, hivyo kompyuta nyingi zilizokuwa zikichapa kazi bila taabu zilikataliwa. Wapo wasemao kujaribu ni kupoteza muda, kwani Windows huruhusu kurudi kwenye toleo la awali. Ni kweli, lakini kwa kawaida ruhusa hiyo hudumu siku 10 tu, na printa ya ofisini yaweza kugoma siku ya 11. Linux ina njia nzuri zaidi: Ubuntu huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski kuu, mtumiaji akapima Wi-Fi, sauti na kibodi, kisha akaichomoa. Kasi ya flashi, tukubali, hudanganya. Mfumo huonekana mzito kuliko ulivyo. Hata hivyo, kusubiri nako kuna kikomo: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.