Land Rover ya Parokia Yetu: Namna Ilivyokuja na Namna Tulivyoagana Nayo



Katika kitabu hiki cha yubile ya miaka 50 mtasoma habari za mapadri waliotutangulia, za masista, za shule na za nyumba ya uzazi. Mimi, baraza la parokia lilinigawia kazi ya kuandika habari za motokari. Siku ile wengine walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilipozunguka vijijini kuwauliza wazee habari za miaka ya kwanza, wengi wao walitaja Land Rover kabla ya kumtaja padri. Basi kicheko kikaniishia, nikashika kalamu.

Vijana wetu waliozoea piki-piki yawapasa wajue kwanza namna watu walivyosafiri zamani. Mapadri Weupe walipoanza misioni ya Mulweba mwaka 1880, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika, kisha wakapokea Mpala mwaka 1885, hawakuwa na chombo kingine isipokuwa miguu, mitumbwi na mabega ya wapagazi. Mgonjwa alichukuliwa katika kipoyi, na kipoyi hakishindani mbio na homa. Wamisionari wengi walikufa njiani, na kifo kimoja cha namna hiyo kilizaa jambo kubwa. Padri Otto Fuhrmann, wa shirika la Waoblati wa Maria, alikufa mwaka 1925 katika nchi iitwayo leo Namibia, maana hakuweza kufikishwa mapema kwa mganga. Rafiki yake wa Ujerumani, Padri Paul Schulte, hakukubali kulia tu. Mwaka 1927 akaanzisha chama cha MIVA, cha kuwatafutia wamisionari motokari, mashua na hata ndege. Wakristu wa Austria wakafanya kama hivyo mwaka 1949. Desturi yao moja hunipendeza sana: dereva wa kwao hutoa sarafu ndogo kwa kila kilometri aliyoipita bila ajali, na kwa sarafu hizo hununuliwa motokari kwa ajili ya watu asiowajua kamwe.

Land Rover yenyewe ilizaliwa katika shida. Baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa haba katika Uingereza, na serikali ilivigawia zaidi viwanda vilivyouza vitu vyao katika nchi za nje. Kiwanda cha Rover, kilichozoea kuwatengenezea mabwana motokari za mjini, kilitafuta kazi ya kukiokoa. Mkuu wa mainjinia wake, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, akitumia humo jeep kuukuu ya vita. Husimuliwa kwamba mwaka 1947, alipotembea na ndugu yake Spencer kwenye pwani ya Red Wharf Bay, alichora mchangani sura ya motokari ya mkulima. Tarehe 30 Aprili 1948 ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza, katika mji wa Amsterdam. Kwa sababu ya uhaba ule wa chuma, mwili wake ulifanywa kwa alumini, nayo ilipakwa rangi ya kijani iliyobaki katika kazi ya ndege za vita. Wenye kiwanda walifikiri wataitengeneza miaka michache tu, mpaka shida ipite. Wabelgiji nao waliitamani: tangu mwaka 1952 kiwanda cha Minerva, huko Antwerp, kiliwatengenezea Land Rover za jeshi lao, ila mwili wa zile za Minerva ulikuwa wa chuma. Msomaji aikumbuke hiyo alumini, maana nitairudia.

Yetu ilikuwa ya aina ya tatu, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ilikuwa zawadi ya wafadhili wa Ulaya, ikafika mwaka 1975, mwaka uleule parokia ilipoanza. Haukuwa mwaka mwepesi kwa Kanisa la Zaire. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972. Noeli ilikuwa imeondolewa katika siku kuu za serikali mwaka 1974, na shule zetu zilikuwa zimechukuliwa. Kanisa halikurudishiwa kuzisimamia mpaka 1977. Katika wakati ule wa kunyang'anywa, sisi tulipewa. Ilishuka melini Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikavuka ziwa mpaka Kalemie, ikapanda treni tena mpaka Samba, kisha ikavuka Lualaba juu ya baki. Wazee wanasema watu walikesha ng'ambo ya mto siku mbili wakiingojea.

Padri aliibariki mbele ya kanisa letu la kwanza, lile la majani. Sala ile niliisoma baadaye katika Rituale, nilipokuwa seminari ndogo. Inamtaja shemasi Filipo, aliyepanda katika gari la yule mkuu wa Etiopia na kumweleza Maandiko. Sisi makatekista twaipenda sana habari hiyo, maana ile katekesi ilifanyika njiani, garini, na mwisho wake ni ubatizo.

Niseme nini juu ya kazi zake? Ilibeba saruji na mabati ya kanisa tulilo nalo. Ilibeba hostia na divai, chumvi ya masista, madawati ya shule, kwaya nzima ikiimba, na Baba Askofu alipokuja kutoa Kipaimara. Ilibeba majeneza pia. Lakini kazi iliyoifanya ipendwe ni ile ya usiku. Mtu aligonga dirisha la shofere, akasema neno moja, «uchungu», na shofere hakuuliza jina wala dini. Aliweka godoro nyuma, akamlaza mama, akaenda. Mimi mwenyewe husemwa kwamba nilizaliwa ndani ya Land Rover mwaka 1980. Si kweli. Mama yangu alishushwa mlangoni mwa nyumba ya uzazi, nami nikafika kabla shofere hajamaliza kuigeuza motokari. Lakini uongo huo umeenea hata nimechoka kuukanusha.

Tusiisifu kupita kiasi. Ilikunywa esansi kama mlevi wa harusi. Wakati wa mvua maji yaliingia katika paa na kumwangukia shofere gotini, naye alivaa koti la mvua ndani ya motokari. Joto la injini liliunguza miguu, na kelele yake ilikuwa hivi kwamba padri na shofere waliongea kwa mikono. Asubuhi ya baridi ilikataa kuamka mpaka ipigwe manivele, yaani kile chuma kirefu cha kuzungushia injini kwa mkono. Na manivele ile ilivunja mkono wa kijana mmoja mwaka 1983, kwa kuwa aliishika kwa kidole gumba upande usiofaa.

Wakati huo barabara zilikufa moja baada ya nyingine. Zamani kila kantonie alikuwa na kipande chake cha barabara, akifyeka majani na kuzibua mifereji. Kantonie wasipolipwa tena, mvua ikashika kazi yao. Safari ya saa mbili ikawa ya saa sita, kisha ya siku nzima pamoja na majembe, kamba na magogo ya kutengenezea madaraja. Ndipo kila kijiji kilipojifunza kuisukuma. Sijui kama yuko mtu mzima katika parokia hii ambaye hajaweka bega lake nyuma ya Land Rover.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilianza mashariki ya nchi, na mwanzoni mwa 1997 vikafika kwetu Maniema. Askari waliokuwa wakikimbia walichukua kila kitu chenye magurudumu. Nilikuwa na miaka 16. Seminari ilikuwa imefungwa, nimerudi nyumbani kwa miguu. Usiku mmoja shofere alituita vijana sita. Hatukuwasha taa. Tuliondoa magurudumu, betri, milango, viti, na kile chombo cha kuchanganya esansi na hewa, tukavigawa katika nyumba. Betri ililala chini ya mpunga katika ghala la mjane mmoja. Magurudumu mawili yalishushwa katika shimo la choo kilichokuwa hakijatumiwa bado. Mimi nilipewa manivele, na mama yangu akaichomeka katika majani ya paa. Asubuhi ilibaki maiti ya motokari juu ya mawe. Askari walipofika waliizunguka, mmoja akaipiga risasi ubavuni, wakaenda zao.

Tulidhani tutaiamsha baada ya miezi michache. Lakini mwaka 1998 vita vya pili vikaja, na kwa miaka mitano zaidi kila kitu kilisafirishwa kwa baisikeli: mafuta ya mawese yakienda, chumvi na nguo zikirudi, mtu akisukuma majuma mazima katika msitu. Wengine hawakurudi. Wagonjwa walirudi katika kipoyi.

Mwaka 2003, amani ilipoonekana, padri alitangaza kanisani kwamba mwenye kitu cha Land Rover akilete. Jumapili iliyofuata, wakati wa matoleo, baada ya mihogo na kuku, watu wakaingia wakiviringisha magurudumu katikati ya kanisa. Yule mjane alifuata na betri kichwani, ingawa ilikuwa imekwisha kufa. Mimi nilibeba manivele. Vilikosekana kioo kimoja na kifuniko cha tangi tu. Padri alikaa kimya mbele ya altare kwa muda mrefu, nasi tulidhani amesahau Misa. Hivyo ikaishi tena miaka 13.

Sasa nifike kwenye kuagana. Mwaka 2016 injini ilikuwa ikitoa moshi zaidi ya nguvu. Chuma cha chini, kinachobeba mwili, kilikuwa kimeliwa na kutu, na madaraja mawili ya njia kubwa hayakuweza tena kupitisha motokari yoyote. Piki-piki zilipita. Baraza likakutana, nami ndimi niliyekuwa mwandishi. Nilileta hesabu zangu: esansi, vipuri vya kuagizwa Bukavu, siku za kungoja. Mama mkunga mmoja mzee akasimama, akaniuliza: «Mwalimu, piki-piki yako itamlaza wapi mwanamke mwenye uchungu?» Nilimjibu kwa hesabu. Tisa walikubali iuzwe, watano walikataa. Kura yangu ilikuwa katika zile tisa, nami ndimi niliyeandika karatasi ya mauzo.

Mnunuzi hakutaka motokari, alitaka alumini. Alikuja na mizani, mashoka na patasi. Shofere wetu wa zamani, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunga, aliletwa na mjukuu wake. Alipangusa usukani kwa kitambaa, akaibandua medali ya Mtakatifu Kristofori, akampa padri. Kisha akamwomba mnunuzi asiikate ndani ya uwanja wa misioni. Yule akakubali. Basi watu wakaweka mabega yao, tukaisukuma mara ya mwisho mpaka njia panda, wanawake wakiimba wimbo wa maziko bila mtu kuwaagiza. Usiku ule nilitafuta katika Rituale sala ya kuagana na motokari. Haimo.

Baadaye nilijua kwamba mwaka uleule, tarehe 29 Januari 2016, huko Solihull katika Uingereza, kiwanda kilitengeneza ile ya mwisho ya ukoo huo, iliyoitwa Defender tangu mwaka 1990. Kitu cha miaka michache kilikuwa kimeendelea miaka 67, na motokari zaidi ya milioni mbili zilikuwa zimetoka. Sheria mpya za moshi na za usalama ziliifanya isiweze kuendelea. Wafanyakazi wa sasa na wa zamani kama 700 walikusanyika kuiaga, na namba yake iliandikwa ili kukumbusha ile ya mwanzo kabisa, HUE 166. Haikuuzwa, iliwekwa katika hazina ya kiwanda. Tangu 2019 iko Defender mpya, inayotengenezwa Slovakia, nzuri na ya bei kubwa, lakini haina undugu na yetu ila jina.

Feza za mauzo zilinunua piki-piki mbili na mabati ya kanisa la kijiji kimoja. Mwaka 2018, wakati wa mvua, mke wa jirani yangu alipandishwa juu ya moja ya piki-piki hizo, akikazwa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Walitembea saa nne. Yeye alifika hai, mtoto hakufika. Sisemi Land Rover ingalimwokoa, kwa kuwa mwaka ule hata ikiwa nzima isingalivuka mto. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi. Yule mama mkunga alikuwako alipozikwa mtoto, akanisalimu kwa heshima kama siku zote, wala hakurudia swali lake.

Alumini ilikwenda kwa mafundi wa masufuria, wanaoiyeyusha na kuimimina katika kalibu za mchanga. Mnunuzi aliiacha manivele, kwa kuwa ni ya chuma. Iko katika chumba cha makatekista, nyuma ya mlango. Mvua ikija na upepo, twaifungia dirisha.