Picha za Wapita Njia

Katika picha za kale za Afrika ya Mashariki, zinazovuta macho zaidi si za masultani wala za magavana. Ni za wapita njia: mama aliyejitwika tenga, mtoto ageukaye nyuma, mzee aliyeketi barazani bila habari ya kamera. Mtu aendaye studio huvaa nguo ya sikukuu, akaonyesha kile atakacho kionekane. Mpita njia hana nafasi hiyo. Kanga yake ni ya siku ile, na uchovu wake ni wa siku ile.

Hapo mwanzo picha za namna hii zilikuwa ngumu kupatikana. Sahani za kioo zilidai utulivu, na atembeaye alibaki ukungu tu. Kamera ndogo ya Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ilimrahisishia mpiga picha kuchanganyika na watu.

Kisarawe na Kibaha ni nchi ya njia. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892. Reli iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Na penye njia hapakosi mgeni mwenye kamera.

Lakini picha nyingi za zama hizo ziko mbali nasi. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Marekani, kilinunua mwaka 2002 mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, za tangu mwaka 1860 hivi hadi 1960. Picha za Walther Dobbertin zimehifadhiwa Ujerumani. Katika maelezo ya picha za kikoloni, aghalabu Mzungu hutajwa kwa jina. Mwafrika aliye kando yake ni “mpagazi” au “mwenyeji”, kama ametajwa. Hakuombwa ruhusa, wala hakuulizwa jina.

Ndiyo maana mvuto wa picha hizi si mmoja kwa watazamaji wote. Kwa mgeni, uzuri wake umo katika fumbo: sura isiyojulikana, iliyopita mara moja. Kwetu fumbo hilo ni hasara, tena hasara inayoweza kupunguzwa maadamu wazee wapo. Mwanafunzi wa Maneromango akimpelekea bibi yake picha ya mwanamke aliyejifunga kaniki, bibi hatasifu mwanga wala kivuli. Ataisogeza karibu na macho, kisha atauliza, “Huyu mtoto wa nani?”