Umeme wa gitaa Korogwe na Handeni: kutoka Mto Pangani hadi ubao wa pedali

Mpiga solo wa leo anayepanda jukwaani Korogwe au Handeni huja na gitaa begani na ubao mkononi. Juu ya ubao zimefungwa pedali nne, tano au zaidi: hii ya kukwaruza sauti, ile ya kuiyumbisha, nyingine ya kuirudisha kwa mwangwi. Wasikilizaji husifu vidole vyake, na vinastahili. Lakini historia ya sauti ile katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Tanga ni historia ya umeme: ulikotoka, nani aliupata kwanza, na nani aliufikisha mahali pa dansi.

Reli, mkonge na korona

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na michache hiyo mashamba yakaenea hadi bonde la Korogwe, na reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Magunga, Ngombezi na Mazinde yakawa majina ya mashamba makubwa, na watu wakaja kukata mkonge kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na kwingineko. Kila kundi lilikuja na ngoma yake. Baadaye gitaa nalo likaingia, kwanza lile kavu, lisilohitaji waya.

Mashamba hayo yalihitaji nguvu ya kuzungusha korona, mashine ya kusaga majani na kutoa singa, kwa hiyo yaliweka injini zake yenyewe. Ndiyo maana maeneo ya mkonge yalizoea mngurumo wa mitambo na mwanga wa taa kabla ya vijiji vingi vilivyoyazunguka.

Maji ya Hale

Kampuni ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na mwaka 1936 kituo cha maporomoko ya Pangani kikaanza kufua umeme. Hatua kubwa kwa Korogwe ilikuja mwaka 1964, kituo cha Hale chenye uwezo wa megawati 21 kilipoanza kazi. Njia ya kilovolti 132 ikajengwa kupeleka umeme wa Mto Pangani hadi Dar es Salaam.

Miaka hiyohiyo muziki wa dansi wa Tanga ulikuwa umeshika kasi. Bendi ya Atomic Jazz ilikuwa na jina kubwa. Nyingine ilikuwa Jamhuri Jazz, na ndani yake wakapita ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Mwaka 1970 walikwenda Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika huko Mombasa. Gitaa la Tanga likavuka mpaka, likaitawala Nairobi.

Handeni ilikuwa na hali tofauti. Reli iliipitia mbali, na umeme wa gridi ulichelewa mno kufika vijijini. Katika maeneo ya namna hiyo bendi zilizofunga safari zilibeba jenereta pamoja na ampu za kukuzia sauti. Jenereta ikipunguza mwendo, taa hufifia na ampu hupoteza nguvu. Mashine ya mwangwi ya tepu, mfano wa Copicat iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1958, huzungushwa na mota. Mwendo wa umeme ukiyumba, mwangwi nao huyumba. Kwa hiyo fundi mitambo aliyekaa kando ya jenereta na kidumu cha mafuta alikuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Pedali na betri ya redio

Pedali za miguuni zilizaliwa ng'ambo. Maestro Fuzz-Tone iliingia sokoni Marekani mwaka 1962, pedali za waa-waa zikafuata mwaka 1967, MXR ikatoa Phase 90 mwaka 1974, na kampuni ya Boss ya Japani ikaanza kuuza pedali zake ndogo mwaka 1977. Nyingi zilitumia volti 9 kwa sababu betri ya kipimo hicho ilikuwapo tayari, imetengenezwa kwa ajili ya redio za transista.

Nchini Tanzania vijana wa Sunburst, kundi lililoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, waliupokea ulimwengu huo mpya wa gitaa la umeme kwa mikono miwili. Lakini kwa mpigaji wa kawaida pedali ilikuwa ghali na adimu. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi NUTA, Umoja wa Vijana, shirika la DDC, jeshi, polisi. Mwanamuziki akihama bendi aliondoka na ufundi wake, vyombo akaviacha. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, njia ya kumiliki chombo chako ilianza kufunguka.

Ubao wa leo

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zikasogea hadi vijiji ambavyo zamani viliwasikia wapiga gitaa kwa jenereta tu. Hata majimaji na makapi ya mkonge pale Hale yaligeuzwa gesi ya kufulia umeme.

Hata hivyo, tatizo la zamani limehamia kwenye ubao. Soketi ya ukutani hutoa volti 230, pedali inataka 9. Pedali ya kukwaruza hutumia miliampia chache tu, lakini ya mwangwi ya kidijitali huweza kuvuka 60. Anayepanga ubao ajumlishe mahitaji yote, kisha achague adapta yenye uwezo unaozidi jumla hiyo. Aangalie pia ncha: pedali nyingi huweka hasi katikati ya tundu, na adapta iliyogeuzwa yaweza kuiua pedali kwa sekunde moja. Adapta moja iliyogawanywa kwa waya mmoja ni rahisi, ila pedali za kidijitali huweza kuingiza mvumo katika zile nyingine. Chanzo chenye matundu yaliyotenganishwa huuondoa mvumo huo. Na umeme ukikatika, betri sita za volti 1.5 zikipangwa mfululizo hutoa volti 9 safi kuliko adapta nyingi za bei rahisi.

Nayaandika haya kwa sababu tumezoea kuanzia kwenye pedali na kumalizia kwenye umeme, ilhali historia yetu ilikwenda kinyume. Anayeanza na umeme hupata sauti safi hata kwa pedali mbili. Na katika kumbukumbu za dansi tumehifadhi majina ya waimbaji na wapiga solo, huku mafundi mitambo wakisahaulika. Wengine wa kizazi hicho bado wako hai mkoani Tanga. Maofisa utamaduni wa Korogwe na Handeni, redio za mkoa na vijana wenye simu za kurekodi wawafuate sasa, wawaulize walivyowasha dansi kule ambako nguzo zilikuwa hazijafika, na waandike majina yao kando ya majina ya wapigaji.