Muziki wa Wanaoanza: Historia ya Okestra za Nyuzi za Wanafunzi

Muziki wa okestra ya nyuzi ya wanafunzi wanaoanza huamuliwa kwanza na vidole vya mkono wa kushoto. Fidla ina nyuzi za G, D, A na E; viola na selo zina C, G, D na A. Nyuzi za G, D na A zimo katika ala zote hizo, hata katika besi. Ndiyo maana vipande vingi vya kuanzia huandikwa Do ikiwa D au G. Mwanafunzi ambaye bado hajui kubana noti hupata uzi mtupu wa kuegemea, na uzi huo ukishakazwa sawasawa, kidole hakiwezi kuutoa nje ya sauti.

Mwishoni mwa karne ya 19, shule moja ya Maidstone, Uingereza, ilianza kufundisha fidla kwa darasa zima. Kampuni ya Murdoch iliwauzia watoto ala kwa malipo madogomadogo, na mpango ukaenea nchini hadi maelfu ya watoto wakapiga pamoja katika jumba la Crystal Palace, London. Albert Mitchell wa Boston aliuona mpango huo mwaka 1910 akaupeleka Marekani. Fidla zikapatikana tele. Muziki wa maana wa kuwapa watoto haukupatikana kwa kasi hiyo.

Mtunzi Gustav Holst aliifahamu shida hiyo darasani. Alifundisha St Paul's Girls' School, London, tangu 1905, akawaandikia wasichana wa hapo St Paul's Suite, iliyokamilika 1913. Kipande hicho si chepesi hata kidogo, na leo hupigwa na okestra za watu wazima. Mwaka 1933, akiwa mgonjwa, alirudi kuwaandikia wadogo zaidi Brook Green Suite. Ujerumani nako, Paul Hindemith alitoa mwaka 1927 mkusanyo wa vipande vya kujifunzia kupiga pamoja. Vingine havimtoi mpigaji nafasi ya kwanza ya mkono wa kushoto, ila sauti zake ni kali, hazibembelezi.

Kila kipande cha watunzi hao kiliandikwa kwa kiwango kimoja. Lakini okestra ya wanafunzi mara chache huwa na kiwango kimoja: aliyesoma miaka mitano huketi na wa miezi mitano. Ralph Vaughan Williams ndiye aliyelikabili jambo hili waziwazi. Concerto Grosso yake ya 1950, aliyowaandikia wanafunzi wa shule za muziki za vijijini, ina makundi matatu: mahodari, wa kati, na wa hiari, wakiwemo wanaopendelea nyuzi tupu. Ilipigwa mara ya kwanza Royal Albert Hall na wapigaji mamia kadhaa, Adrian Boult akiongoza. Hakuna kundi lililowekwa kwa kuhurumiwa. Wa nyuzi tupu wakinyamaza, wingi wa sauti hupungua.

Benjamin Britten alifuata njia hiyohiyo katika opera yake Noye's Fludde, iliyoonyeshwa kanisani Orford, Uingereza, mwaka 1958. Aliwapangia fidla za watoto sehemu tatu za ugumu tofauti, kando ya wanamuziki wa kulipwa. Kwa mwalimu mwenye darasa la mchanganyiko, mpango huu wa tabaka unafaa kuliko kutafuta kipande chepesi kwa wote, kwa kuwa chepesi kwa wote humchosha aliyetangulia.