Kihatarishi na Hatari Kiwanjani

Sisi tukaao Chumbageni, tutakapo kuvuka kwenda Pemba au Unguja kwa njia ya anga, hupanda katika kiwanja cha Tanga ndege ndogo za rafadha, ambazo abiria huziendea kwa miguu mpaka ngazini. Na hapo ndipo pafaapo kuitazama istilahi ambayo maafisa wa usalama huitumia kila uchao pasipo kuafikiana maana yake, nayo ni «kihatarishi».

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Kiambatisho cha 19 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kiambatisho kilichoanza kutumika mwaka 2013, limekifasili kuwa ni hali au kitu kiwezacho kusababisha ajali au tukio la ndege, au kuchangia kutokea kwake. Umbo la neno halina ila: limetoka katika «hatarisha», kama «kiunganishi» kilivyotoka katika «unganisha». Taabu imo katika matumizi, kwa kuwa wakaguzi wa hesabu huandika «vihatarishi» wakikusudia kile Waingereza wakiitacho «risk», ilhali watu wa usalama kazini hukusudia «hazard».

Tuseme ndege imesimama na injini ingali ikinguruma. Mjaza fomu, penye safu ya vihatarishi, huandika «abiria kukatwa na rafadha». Lakini hayo ni matokeo, na mwenye kuandika matokeo hana la kuondoa. Kihatarishi ni rafadha yenyewe, izungukayo kwa kasi hata jicho lisiione, kando ya njia isiyowekewa koni wala kamba. Kadhalika kokoto juu ya lami, mfuko wa plastiki upeperushwao na kusi, gari la mafuta lisilofungwa waya wa kuondoa umeme tuli, na kunguru wafuatao jalala la jirani: vyote vipo kabla ya msiba, na vyaonyesheka kwa kidole.

Ama «hatari», kwa rai yangu, na ibaki kuwa kipimo cha uwezekano wa madhara, ambao mwongozo wa shirika hilo huupa tarakimu 5 hadi 1, pamoja na ukubwa wake, uandikwao kwa herufi A hadi E. Ukiweka koni na mhudumu wa kuwaongoza abiria, kihatarishi kingalipo palepale, ila hatari imepungua. Ukizima injini kabla ya mlango kufunguliwa, kihatarishi chenyewe kimeondoka. Fomu isiyotenganisha mawili haya humwacha mkuu wa zamu akiridhika na koni mahali palipotaka injini izimwe.