Mtu Aliyezitembeza Hadithi za Wazee

Sisi tukaao karibu na Tabora twaijua njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita kwetu, ikafika Ujiji, na ng'ambo ya ziwa ikaingia Manyema. Ilichukua pembe na watumwa. Ilichukua na hadithi pia, maana wapagazi wakitua mizigo jioni husimuliana. Leo twataka kumtaja mtu wa nchi zilizo mbele ya Manyema, aliyezishika hadithi za namna hiyo zisipotee.

Jina lake ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, aliyezaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, katika Kongo, nchi ya Watetela. Kazi yake ni sinema ya picha zilizochorwa. Wengi hudhani picha hizo hutembea zenyewe. Sivyo. Huchorwa moja, kisha nyingine iliyogeuka kidogo tu, tena nyingine. Zikipitishwa 24 kwa sekunde moja, jicho ladanganyika, nasi twaona chura akiruka. Basi dakika moja yataka picha 1,440! Si ajabu studio yake aliiita Malembe Maa, maana kwa Kilingala malembe ni polepole.

Kabla yake, miaka ya 1950, Padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza huko Kongo sinema za Mboloko, yule paa mdogo mwerevu. Hadithi zilikuwa za Kiafrika, bali msimulizi alikuwa mgeni. Kibushi hakuidharau kazi hiyo; aliitafuta akairudisha ionekane tena. Lakini mwaka 1991 alitoa sinema yake mwenyewe, hadithi ya Kitetela ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake. Hapo mwenyeji alisimulia ya kwao.

Septemba mwaka ule ule, askari na raia waliupora mji wa Kinshasa. Kibushi akachukua michoro ya watoto walioyaona mambo hayo, akaifanya sinema mwaka 1992. Mtoto asiyeweza kuandika ushahidi aweza kuuchora. Mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, habari ya mtoto wa mitaani, na mwaka 2004 Prince Loseno.

Nasi je? Mashine za sinema hatuna, lakini kalamu tunazo, na wazee wangali nasi. Jioni hii, kabla taa haijazimwa, tumwombe babu hadithi moja, tuiandike kama asemavyo. Polepole ndiyo mwendo.